Barafu za Mabuyu

Kukata mirija yangu ya mbegu ili tusizae tena, kwenyewe hakukufika nusu saa. Ganzi ndiyo iliyonidanganya: nilitoka pale nikitembea kama bwana harusi. Ilianza kuisha nikiwa ndani ya tuktuk, na matuta ya kuingia Majengo hayakuniachia hata moja.

Masharti ya daktari nilikuwa nayo kichwani. Chupi ya kubana, nisinyanyue kizito wiki nzima, ya chumbani yasubiri, na barafu iliyofungwa kitambaa, dakika 20 hivi, natoa, narudia. Uvimbe kidogo na ngozi kupiga zambarau ni kawaida. Homa, usaha au uvimbe unaozidi, nirudi mbio.

Mtaani nilisema nina malaria. Mambo haya hayaelezwi barazani watu wakinywa kahawa.

Sasa barafu. Mama watoto huwauzia watoto wa mtaa barafu za vifuko, za ukwaju na za mabuyu, zile nyekundu. Yeye hayupo. Nikatwaa mbili za mabuyu, zimeganda vizuri, nikazizungushia kitambaa, nikajinyoosha kwenye kochi na kikoi changu cheupe. Raha iliyoje! Usingizi ukanichukua.

"Hodi!" Kabla sijasema karibu, mama mkwe yuko ndani na sufuria ya uji wa mgonjwa. Macho yakamshuka hadi kwenye kikoi. Nami nikatazama. Vifuko vimepasuka, kiunoni hadi magotini wekundu mtupu.

"Yarabi! Mkwe wangu anakufa!"

Kuinuka siwezi, kuendelea kulala mbele ya mkwe ni fedheha. Nikapiga kelele, "Ni mabuyu, mama! Mabuyu!"

Nje wakasikia mabusha.

Baraza zima likaingia na viatu. Mzee mmoja, kikombe cha kahawa bado mkononi, akatikisa kichwa: "Nilijua si malaria. Malaria gani ya kutembea umetanua miguu?" Mwingine akawa tayari anauliza nani ana gari.

Mama watoto aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Akawatoa wote, akamvuta mamake jikoni, na pazia la jikoni kwetu halizuii neno.

"Kwa hiyo hakuna wajukuu tena?"

"Bado, mama. Mbegu zilizobaki njiani zinaweza kunipa mimba. Tunaendelea kujikinga mpaka apimwe, kama miezi mitatu hivi."

"Na uanaume wake?"

"Uko pale pale. Homoni zinapita kwenye damu, si kwenye hiyo mirija. Hata maji yenyewe hutoka karibu kiasi kile kile."

Nikajifunika uso kwa mto.

Jioni mtoto wa jirani akaja na shilingi zake.

"Nikupe ya mabuyu?" mke wangu akamuuliza.

Akachungulia kochi, akanitazama mimi.

"Ya ukwaju."