Habasoda, mkaratusi na kohozi la pumu

Ukipita Marikiti ukamwambia muuza viungo una mgonjwa wa pumu nyumbani, hutoki mikono mitupu. Utafungiwa habasoda, tangawizi kavu, pengine na majani ya mkaratusi, pamoja na maelekezo ya bure: chemsha, tia asali, mnyweshe asubuhi na jioni "kohozi likatike". Ukifika hospitali unaambiwa miti shamba uiache kabisa.

Wenye miti hawabahatishi tu. Mwaka 2003 yalichapishwa majaribio ya Ujerumani kwa wagonjwa 32 waliokuwa wakitegemea vidonge vya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Waliopewa sineoli, kiini cha mafuta ya mkaratusi, kwa wiki 12 walipunguza steroidi kwa asilimia 36. Waliopewa vidonge visivyo na dawa, asilimia 7. Habasoda nayo ilijaribiwa Saudia kwa watu 80, na waliotumia mafuta yake walidhibiti pumu vizuri zaidi. Hata mnanaha (datura, si mnanaa wa chai), ambao majani yake yalikuwa yakivutwa kama sigara kufungua kifua, una atropini, kemikali inayolegeza njia za hewa, na dawa ya ipratropiamu inayovutwa hospitalini leo ni jamaa yake. Ila mnanaha wenyewe ni sumu. Jani moja halilingani na jingine kwa ukali, na anayezidisha huweweseka na moyo kumwenda mbio.

Tatizo liko kwenye namna tunavyousoma ushahidi huo. Wale wagonjwa hawakutupa dawa zao. Mti uliongezwa juu yake, tena kwa vidonge vilivyopimwa, miligramu 200 za sineoli mara tatu kwa siku. Sufuria ya majani haina kipimo hicho.

Halafu kuna kohozi lenyewe. Kwenye pumu, kuta za njia za hewa zimevimba, misuli inabana, na seli za kuta hizo zinamwaga ute mzito unaoweza kuziba kabisa vijia vidogo. Tangawizi ya moto inaweza kumsaidia mtu akakohoa likatoka, na likitoka nyumba nzima inashukuru. Uvimbe bado upo pale pale. Unaotuliza uvimbe, na ute ukapungua, ni pampu ya steroidi ya kila siku, hiyohiyo watu wanayoikimbia kwa kuwa eti "inazoesha".

Wanaowacheka wenye habasoda nao wajitazame. Wengi wanatembea na pampu ya buluu peke yake, inayolegeza misuli kwa saa chache na kuuacha uvimbe. Mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza matumizi hayo mwaka 2019. Sioni wanamzidi nini mnywa tangawizi.

Ninachokiogopa zaidi ni unga usio na jina unaomaliza pumu usiku uleule. Nchi nyingi zimewahi kukuta steroidi zimechanganywa humo kisirisiri. Na ubani au udi chumbani mwa mwenye pumu, hata kwa nia njema, moshi ni moshi.

Tangawizi kwa asali sina ugomvi nayo, mradi asali asipewe mtoto chini ya mwaka mmoja na pampu ya kila siku isiachwe. Nawalaumu zaidi madaktari wanaofoka wakisikia habasoda. Mgonjwa aliyefokewa safari ijayo atasema hanywi chochote, na kama pampu ameshaiacha, hilo pia hatalisema.