Kompyuta ya gemu Mbeya: mtumba wa ofisini au vipuri vipya?

Mdogo wangu anasoma usanifu majengo pale chuo cha MUST, Iyunga. Kwa miaka miwili amekuwa akichorea watu ramani za nyumba na kuweka akiba, na sasa ana shilingi milioni mbili za kompyuta. Monita anayo tayari. Anataka mashine icheze FC (ile gemu ya mpira) na GTA V bila kukwama, na mchana imsaidie kuchora majengo ya 3D. Juzi alikuja nyumbani Soweto akaniuliza: "Kaka, niunde mpya kipuri kwa kipuri, au nichukue mashine ya ofisini ya mtumba niichomekee kadi ya picha?" Nilimwomba siku mbili nifikirie. Haya ndiyo niliyomjibu, na nayaandika kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza.

Naanza na mtumba, maana una hoja nzito kuliko wapenzi wa gemu wanavyotaka kukubali. Dell OptiPlex na HP EliteDesk zimejaa mjini. Zimefanya kazi kwenye ofisi za nje, zikashukia Kariakoo, zikapanda basi hadi huku. Ukipita kwa mafundi wa Mwanjelwa utaziona zimepangwa nyuma ya kaunta, nyingine zimeshafunguliwa matumbo. Hizo zilizofunguliwa ndizo hoja yenyewe. Mashine ya namna hiyo ikikufia Jumatatu, fundi huenda anayo maiti ya aina ileile, akakutolea humo pawa saplai (boksi linalogawa umeme ndani ya mashine), feni au hata madabodi (ubao mkuu), na Jumanne jioni unacheza. Sisi tuko zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam. Kwa mtu wa huku, uponyaji wa mashine ni sifa ya kupimwa kama kasi yake inavyopimwa.

Tena vilivyomo ndani ni vya kweli. Pawa saplai ya OptiPlex ikiandikwa wati 240, inatoa wati 240. Kwa wati hizo unaweza kuweka kadi inayokula umeme wa kwenye sloti ya madabodi peke yake, yaani isiyozidi wati 75: GTX 1050 Ti, zile GTX 1650 zisizo na plagi ya ziada, au RTX 3050 ya GB 6. EA Sports FC 25 ilitaja GTX 1050 Ti kama kadi ya kiwango cha chini. Kwa hiyo anayekuambia mtumba hauchezi gemu hajasema kweli. Unacheza, kwa picha za wastani, na kijana asiye na zaidi ya laki saba nisingemwelekeza kwingine.

Ila chukua lile kasha la kusimama, usichukue lile jembamba, maana jembamba linapokea kadi za kimo kifupi tu, na kadi fupi ni chache na hupandishiwa bei.

Kinachonizuia kumpeleka mdogo wangu huko ni mambo mawili. La kwanza ni umri. Mashine nyingi zinazouzwa rahisi hapa ni za prosesa za Intel kizazi cha 6 na cha 7, kama i5-6500 na i5-7500. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wake rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kuna njia za kuipachika kwa nguvu na mafundi wanazijua, lakini gemu za mtandaoni nazo zimeanza kukagua. Valorant kwenye Windows 11 haifunguki bila TPM 2.0. Ukiamua mtumba basi, uliza OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4, ndiko kizazi cha 8 kinakoanzia. Usinunue kwa kuangalia kibandiko cha i5 pekee, maana i5 ya 2015 na i5 ya 2018 hazifanani.

La pili ni kwamba mashine hizi hazikui. Plagi ya pawa saplai si ile ya kawaida ya pini 24, na ubao wake umekatwa kwa umbo la kasha lake. Siku ukitaka kadi ya wati 170, huna pa kuichomeka. Utabadilisha pawa saplai kwa waya wa kuunganisha, kisha kasha, kisha madabodi, na mwisho utajikuta umeunda kompyuta mpya kwa gharama ya mbili.

Sasa upande wa kuunda mpya. Watu wengi huanza na kadi, na kwa upande wa pesa wako sahihi: kwenye gemu kadi ndiyo inayofanya kazi kubwa, na kuipa theluthi ya bajeti au zaidi si ujinga. Mimi sikubaliani na mpangilio wa kununua. Kwa Mbeya, kitu cha kwanza kuchaguliwa ni pawa saplai, na nina sababu yangu.

Mwaka 2019 niliunda mashine yangu ya kwanza. Pesa iliishia kwenye kadi, nikamalizia na pawa saplai iliyoandikwa wati 650 kwa bei iliyonifurahisha. Ilikuwa nyepesi mkononi kama boksi tupu la sabuni, na nyuma ilikuwa na kile kiswichi chekundu cha 115 na 230. Januari yake, usiku wa mvua, umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena ndani ya dakika moja. Ulipotulia nikabonyeza kitufe, nikasikia mlio mdogo kama wa bisi, kisha harufu ile ambayo ukishaisikia mara moja huisahau. Asubuhi nilifungua nati nne. Kapasita mbili zilikuwa zimeumuka juu kama maandazi, na moja ilikuwa imetoa maji ya kahawia. Iliondoka na madabodi. Ndipo niliposoma lebo kwa mara ya kwanza: mstari wa volti 12 ulikuwa na ampea 18. Zidisha: wati 216. Prosesa na kadi hula karibu umeme wao wote kutoka kwenye mstari huo, kwa hiyo ile 650 ilikuwa namba ya kupendezesha boksi.

Tangu siku ile nikishika pawa saplai dukani nafanya mambo matatu kabla ya kuuliza bei. Naipima uzito kwa mkono. Natafuta mstari wa +12V na kuzidisha. Naangalia kama ina kiswichi chekundu. Kama kipo, narudisha, kwa sababu zile nzuri za leo hujirekebisha zenyewe umeme unapopanda na kushuka, na hazihitaji kiswichi hicho. Wati nyingi hazihitajiki. Prosesa ya Ryzen 5 5600 imekadiriwa wati 65, kadi ya RTX 4060 wati 115, RTX 3060 wati 170. Pawa saplai ya wati 550 ya kweli inabeba yoyote kati ya hizo na inabaki na pumzi.

Na hapo kuna UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika. Watu wanasoma 650VA wakadhani ni wati 650, kumbe nyingi za ukubwa huo hazifiki wati 400. Kwa mashine ya aina hii na monita yake inatosha kukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa amani. Kucheza mechi hadi mwisho gizani isahau.

Jambo jingine ambalo halimo kwenye orodha za vipuri ni waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Nyumba nyingi za kupanga huku hazina. Ukigusa kasha la kompyuta kwa nyuma ya vidole, mguu peku kwenye sakafu, ukahisi linakuwashawasha, hiyo ndiyo dalili. Kabla ya kutoa milioni mbili, mwite fundi umeme. Na radi za huku kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili mnazijua: mawingu yakifunga, chomoa plagi ukutani, na waya wa intaneti uchomoe pia.

Baada ya umeme ndipo tuje kwenye jukwaa, maana yake madabodi na prosesa. Hapa ubishi ni kati ya AM4 na AM5, soketi mbili za prosesa za kampuni ya AMD. AM4 ni ya zamani, imekuwepo tangu 2016, na haitaendelea sana. AM5 ilitoka 2022, na AMD wameahidi kuihudumia hadi 2027 na kuendelea. Kwa maneno hayo tu, AM5 inashinda: miaka mitatu ijayo unabadilisha prosesa na ubao unabaki. Lakini AM5 inataka RAM ya DDR5 pekee, na mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipaa dunia nzima kwa sababu viwanda vimeelekeza nguvu kwenye vituo vya data vya akili mnemba. AM4 inatumia DDR4, na DDR4 ni ileile iliyomo kwenye mashine nyingi za ofisini za kizazi cha 6 hadi cha 9. Fundi wa Mwanjelwa anayo kwenye droo. Itakwenda polepole kidogo kuliko mpya, lakini vijiti viwili vya GB 8 vilivyotoka kwenye mtumba vinawasha mashine mpya kabisa, na vijiti viwili kwenye gemu ni bora kuliko kimoja cha GB 16. Jambo hili ndilo lililoniegemeza AM4. Inakupa sehemu ya faida ya mtumba, ile ya kupata kipuri hapahapa, bila kukufunga kwenye kasha lake.

Intel nao wana i5-12400F, nzuri na tulivu. Nisingempinga anayeichagua. Ajue tu kwamba ile F mwisho ina maana haina picha za ndani, kama Ryzen 5 5600 nayo isivyo nazo, hivyo kadi ikifa, monita inabaki nyeusi hadi kadi nyingine ipande basi.

Kupooza hakuhitaji pesa. Tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa ni nyembamba kidogo, lakini baridi yetu inafidia na chenji inabaki. Feni inayokuja na Ryzen 5 5600 inatosha, kipoozeo cha maji waachie watu wa Dar. Baridi hiyohiyo ina mtego mmoja. Julai, asubuhi, ile pesti kati ya prosesa na kipoozeo huwa imeganda kama gundi. Ukivuta kipoozeo juu moja kwa moja, prosesa ya AM4 inang'oka nacho kutoka kwenye soketi iliyofungwa, na pini zinapinda. Washa mashine kwanza dakika kumi ipate joto, izime, chomoa waya, kisha zungusha kipoozeo taratibu kushoto na kulia mpaka kiachie.

Imebaki kadi, na hapa kwa kweli nilisita. RTX 4060 mpya ina GB 8 na inakula wati 115. RTX 3060 iliyotumika ina GB 12 na inakula wati 170. Kwa gemu tupu ningechukua 4060: ina kasi zaidi, haina joto, na ina waranti. Lakini mdogo wangu anachora majengo, na mchoro mkubwa wa 3D ukizidi kumbukumbu ya kadi, programu inakwama au inagoma kabisa. Kwake GB 12 zina kazi. Hofu ya kadi zilizochimba sarafu za mtandaoni ipo. Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, na nyingi zikamwagwa sokoni. Hata hivyo kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Mara nyingi kinachochoka ni feni na pesti, na hivyo vinabadilishwa hapa mjini. Inayotisha ni kadi ambayo muuzaji hataki kuiwasha mbele yako.

Basi tumekubaliana hivi. Prosesa Ryzen 5 5600, ubao wa B550 wa AM4, SSD (diski ya kuhifadhia) mpya ya TB 1 kwa sababu FC peke yake inataka GB 100 na bando la kupakua upya ni mateso, RAM za mtumba, na kadi ya 3060. Pawa saplai ameshainunua, iko mezani kwangu, nzito kama tofali. Kadi itachukuliwa Kariakoo na binamu yetu, baada ya kuiona ikifanya kazi nzito nusu saa bila kuzima wala kutoa madoa kwenye skrini. Mashine hatutaiunganisha Dar, ingawa muuzaji amejitolea kufanya hivyo bure. Niliwahi kuona kompyuta iliyoshuka kwenye buti la basi baada ya mlima Kitonga na matuta yote yale: kadi ilikuwa imening'inia, na sloti ya ubao imepasuka kona. Binamu ataipakata mapajani mpaka Mbeya, na tutaichomeka wenyewe hapa Soweto.