Letusi kubwa si lazima iwe letusi bora

Letusi, ambayo wauzaji wengi sokoni huiita saladi tu, tunaichagua kwa macho, na anayeondoka na kichwa kikubwa chenye majani mapana huamini kwamba amepata faida. Naona macho yanatuhadaa, kwa sababu karibu asilimia 95 ya uzito wa jani hilo ni maji, na thamani ya hicho kidogo kinachobaki hutegemea sana mwanga na hewa ukaa ambavyo mmea ulipata, mambo ambayo sijasikia mnunuzi yeyote akiyauliza.

Hewa ukaa ndiyo inayosifiwa zaidi na wapenzi wa kilimo cha kisasa. Hewa ya kawaida ina sehemu zaidi kidogo ya 420 za gesi hiyo kwa kila milioni, lakini katika vitalu nyumba vya nchi kama Uholanzi wakulima huipandisha hadi 800 au 1,000, na letusi huitikia kwa kutengeneza sukari haraka na kunenepa. Tatizo ni kwamba mizizi haiongezi madini kwa kasi hiyohiyo, na vitundu vya majani, vikiwa vimeshiba hewa ukaa, hujifunga kidogo, hivyo maji yanayopanda na madini hupungua. Sukari na vitamini C zinaweza kuongezeka, lakini protini, chuma na zinki katika kila gramu huelekea kushuka. Ni mchuzi ulioongezwa maji ili utoshe wageni. (Mchicha wetu, ambao tunauona chakula cha kawaida mno, hukamata hewa ukaa kwa njia ileile ya mahindi na mtama, kwa hiyo hauyumbishwi sana na ongezeko hilo, na anayetafuta chuma, kwa vyovyote, asingeanza na letusi.)

Kwangu mimi mwanga ndio wenye neno kubwa zaidi. Mmea hufyonza naitreti, yaani chumvi yenye naitrojeni ambayo haitakiwi kuzidi katika chakula, kutoka udongoni, na kimeng'enya kinachoigeuza kuelekea kuwa protini huchochewa na mwanga. Mwanga ukipungua, naitreti hurundikana majanini. Sheria ya Umoja wa Ulaya inakiri jambo hili waziwazi: ukiacha aina ya iceberg, ile yenye kichwa kigumu kilichofumba, letusi ya kitalu nyumba inayovunwa kati ya Oktoba na Machi inaruhusiwa kuwa na hadi miligramu 5,000 za naitreti kwa kilo, ilhali ile ya shamba la wazi, ikivunwa kati ya Aprili na Septemba, haitakiwi kuzidi 3,000. Mwanga huohuo huongeza vitamini C, na miale yake ya urujuanimno, ambayo sehemu yake huzuiwa na kioo, huzidisha wekundu wa letusi nyekundu. Ndiyo maana hunisikitisha kuona majani ya nje ya kijani, hata yakiwa mazima, yakitupwa ili ubaki moyo mweupe uliokulia gizani.

Kwa hiyo mkulima wa Lushoto au Limuru, mwenye saa zipatazo 12 za mchana mwaka mzima, simshauri akope fedha za mitungi ya hewa ukaa. Shida yake mara nyingi ni joto linaloandamana na jua, ambalo huifanya letusi irefuke, itoe maua mapema na kuwa chungu. Neti ya kivuli husaidia, mradi isiwe nzito kiasi cha kurudisha tatizo la naitreti. Pia ningempa nafasi ya kujaribu kuvuna alasiri. Alfajiri jani huwa limejaa maji na hustahimili safari, jambo ambalo anayesafirisha mbali hawezi kulipuuza. Ila kwa anayeuzia majirani zake, jani la alasiri limeshinda juani, naitreti yake imepungua na sukari imeongezeka, na likitumbukizwa katika maji baridi kwa muda mfupi hurudi kuwa imara.