Fidia ya bei iliyopangwa: haki ipo, risiti iko wapi?

Tuchukue mfano wa kubuni wa Ngamiani, Tanga. Mawakala wanne wa saruji wanakubaliana kwenye kundi la WhatsApp kwamba kuanzia Jumatatu hakuna atakayeuza chini ya bei fulani. Mfuko unapanda shilingi 1,500. Mkandarasi mdogo aliyenunua mifuko 600 amelipa shilingi 900,000 zaidi. Mawakala wakipigwa faini, pesa inaingia serikalini. Yeye haambulii kitu.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kupanga bei, kususia kwa pamoja na kula njama kwenye zabuni, tena bila kudai uthibitisho kwamba soko zima limeumia. Aliyepata hasara anaweza kuomba amri ya fidia kwa Tume ya Ushindani (FCC) ndani ya miaka 3. Rufaa huenda Baraza la Ushindani (FCT).

Kwa hiyo mlango upo. Shida inaanza kwenye hesabu. Zile 900,000 hazilipwi kwa kutajwa tu: mdai lazima aonyeshe bei ingekuwa ngapi kama njama isingekuwepo. Atalinganisha bei ya duka lilelile kabla na baada, au bei ya Korogwe kwa miezi ileile, kisha aondoe sababu halali. Dizeli ikipanda ikaeleza shilingi 600 kati ya zile 1,500, linabaki dai la 540,000. Halafu mawakala watauliza: gharama hiyo hukumtupia mwenye nyumba kwenye makadirio yako? Kama ndivyo, hasara imehama.

Hapo nchi zimeachana njia. Marekani, Mahakama ya Juu iliukataa utetezi huo wa hasara kuhama mwaka 1968, na mwaka 1977 ikasema kwa sheria ya shirikisho anayedai ni aliyenunua moja kwa moja kwa waliopanga bei. Akishinda hulipwa mara tatu ya hasara. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wa mwaka 2014, unamruhusu kila aliyeumia kwenye mnyororo kudai sehemu yake, na unachukulia kwamba njama ya bei imeleta hasara mpaka mshtakiwa athibitishe vinginevyo. Kwa haki tupu, Ulaya wako sawa zaidi. Lakini mwenye nyumba wa Tanga aliyemkabidhi fundi pesa taslimu, bila karatasi yoyote, atadai kwa ushahidi gani?

Wanaohofia kesi hizi nao wana hoja. Bei kufanana si njama: maduka yanayotazamana hununua kiwanda kimoja, hulipa nauli ileile ya lori, na kila mmoja humchungulia mwenzake. Nzito zaidi ni hii: wakala anayetaka kutoboa siri atasita akijua ungamo lake litamletea madai ya fidia. Na kesi huchosha hata wenye nguvu. Uingereza, dai la Walter Merricks, kwa niaba ya mamilioni ya wanunuzi, dhidi ya kampuni ya kadi za malipo ya Mastercard lilifunguliwa 2016 likitaka pauni bilioni 14. Liliishia kwa suluhu ya pauni milioni 200, iliyoidhinishwa 2025.

Hata hivyo, kuiachia faini kazi yote ni kumwambia mkandarasi avumilie. Njia ya busara kwake ni kuanza na malalamiko FCC, kwa kuwa Tume ina uwezo wa kudai nyaraka ambazo yeye hatazipata kamwe, huku akihesabu ile miaka 3. Wakandarasi kumi wakiunganisha madai, laki tano ya kila mmoja inaanza kumlipa wakili.

Picha ya ujumbe wa WhatsApp ionyeshe namba na tarehe, isikatwe. Makadirio ya kabla na baada yawekwe pamoja. Na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zitolewe kopi siku ileile: karatasi yake hufifia kwa joto, na ikikaa kwenye droo ya duka la Tanga itakuwa nyeupe kabla shauri halijaitwa.