Balozi alivyokula tangsteni yangu

Mi nasoma kemia, masters, nimepanga chumba cha uani huku Ng'ong'ona, Dodoma, na kazi yangu ni kubuni vichocheo vya metathesisi ya alkaini, yaani kufanya molekuli zenye kaboni mbili zilizoshikana kwa vifungo vitatu zibadilishane wenza. Kwenye kompyuta tu lakini, maana vichocheo vingi vya kazi hiyo, vya metali za molibdenamu na tangsteni, vikiguswa na hewa na unyevu ndo basi tena.

Sasa usiku nafanya mazoezi ya prezentesheni, dirisha wazi, napaza sauti kama mhubiri wa stendi. Nikachukua ule mfano wa dansi waliotumia watu wa Nobel mwaka 2005 walipowapa tuzo Chauvin, Grubbs na Schrock kwa kazi yao ya metathesisi: "Wanakutana wanne! Wanashikana duara! Wakiachana kila mtu anaondoka na wa mwenzie! Halafu wanatafuta wengine!"

Kumbe mama mwenye nyumba yuko nje anaanua nguo.

Hakusema kitu. Mara hodi, nafungua namkuta na balozi wa nyumba kumi, tochi mkononi, na majirani wawili waliokuja eti kusindikiza tu. Nikajaribu kupoza, "Mbukwenyi wazee wangu," wapi!

"Kijana, hao wanne wako wapi?" Balozi huyo, anamulika chini ya kitanda.

Nikaona maneno hayatoshi, nikatoa zabibu na vijiti vya meno. Zabibu kubwa tangsteni, ndogo kaboni, vijiti ndo vifungo. Nikawaambia shida yangu ni hii mzee, metali ikishika kaboni kwa vijiti viwili, hiyo inaitwa kabini, ikikutana na alkaini ambayo ina vijiti vitatu, duara likifunguka alkaini haiachiwi, inabaki imenasa humo humo, inakuja nyingine nayo inanasa, mwisho unapata mnyororo mrefu na hakuna aliyebadilishana na mtu, ndo maana tangu mkemia Katz apendekeze mwaka 1975 watu wanatumia kabaini, vijiti vitatu kwa vitatu, hiyo inashika na kuachia vizuri.

Mama akakunja uso. "Kwa hiyo huyo wa viwili ndo mwaminifu?"

"Mwaminifu wapi," balozi akadakia, "huyo si anaoa wote!"

Wakabishana pale, mi nipo pembeni na vijiti vyangu, na kusema ukweli swali la mama lilikuwa zuri kuliko maswali mengi ya semina. Katika kubishana balozi akanyoosha mkono, akachomoa tangsteni, akatupia mdomoni.

"Mzee! Hiyo ndo kichocheo, bila hiyo hakuna kinachoendelea, na kazi ikiisha inatakiwa irudi kama ilivyokuwa!"

Akatafuna taratibu, akatema mbegu kiganjani, akaniwekea mezani. "Hiyo hapo, imerudi."

Majirani hoi kwa kicheko. Mama hakucheka, alisimama mlangoni akasema kuanzia kesho metathesisi humu ndani mwisho saa mbili usiku, na hao wanne wakija kweli, kodi inapanda.