Kura za maoni Marekani: waliojibu na walionyamaza

Siku chache kabla ya uchaguzi wa urais wa Novemba 2024, kura ya maoni ya jimbo la Iowa, yaani utafiti wa kuwauliza watu wachache watampigia nani, kazi ya Ann Selzer, mtafiti aliyeheshimika kwa miaka mingi, ilimpa Kamala Harris asilimia 47 na Donald Trump 44. Kura zilipohesabiwa, Trump alikuwa ameshinda Iowa kwa pointi 13. Wengi wakasema: kura hizi za maoni zina faida gani?

Wana hoja. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa urais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitolewa kwenye orodha za wenye simu na magari, yaani watu wenye uwezo, tena katikati ya mdororo wa uchumi. George Gallup, mtafiti wa maoni, kwa wahojiwa wachache mno kuliko hao, alimpa Roosevelt ushindi. Mchuzi usiokorogwa, hata uuonje kwa bakuli zima, hutajua umekolea chumvi au la.

Siku hizi tatizo ni ukimya. Simu inaita jioni watu wakiwa mezani, namba ni ngeni, inaachwa iite mpaka inyamaze. Kituo cha utafiti cha Pew kilipata majibu kwa asilimia 36 ya simu zake mwaka 1997; kufikia 2018 ilibaki asilimia 6. Watafiti husawazisha takwimu kwa umri na elimu, ila asiyewaamini watafiti hana anayeweza kumjibia.

Hata hivyo, mimi sikubali zitupwe. Mwaka 1958 Gallup aliuliza kuhusu ndoa za Weusi na Weupe: asilimia 4 tu waliziunga mkono. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Loving, ikafuta sheria za majimbo 16 zilizozipiga marufuku. Mwaka uliofuata waliokubali walikuwa asilimia 20. Mwaka 2021 walifika 94. Sheria ilitangulia, mioyo ikafuata polepole, na hakuna sanduku la kura lililoonyesha safari hiyo. Tumeiona kwa sababu swali liliulizwa tena na tena kwa miaka zaidi ya 60, na katika safari ndefu kiasi hicho kosa la pointi 3 halibadili kitu. Katika mbio za wagombea wanaopishana kwa pointi 2, kosa hilo hilo linameza habari yote.