Julai Inadanganya: Tuache Kupeleka Magari Kwenye Vinamasi

Kila baridi ya Juni inapoingia Nairobi, simu yangu hujaa picha za wikendi. Forwili, yale magari ya kuvutwa na magurudumu yote manne, zimepangwa ukingoni mwa kinamasi, matope mpaka kwenye vioo, vijana wamesimama juu ya boneti wakicheka. Mvua za masika zimekwisha, barabara za vumbi zimekauka, na watu wanaona huu ndio wakati wa kutoka. Mimi naona hakuna wakati mbaya kuliko huu. Nasema hivyo kwa sababu mwaka juzi, mwezi wa Julai, nusura tumzike binamu yangu.

Wengi wanaiogopa Aprili. Lakini Aprili kinamasi hakimfichi mtu kitu. Maji unayaona, njia imekatika, unageuza gari na kurudi nyumbani. Kipupwe ni kingine. Mvua ni haba, na jua nalo hakuna. Mawingu yanaweza kukaa juu ya mji wiki nzima, usiku joto linashuka hadi nyuzi 11 au 12, na kule Limuru chini zaidi. Upepo unakausha juu tu. Udongo unafanya ukoko, nyasi zinasimama vizuri, na macho yanasema hapa panapitika. Kumbe maji ya Mei yangali chini, hayakupata jua la kuyanyonya. Jaribu kuchimba kwa panga kwenye udongo mweusi wa Kitengela mwezi Julai, pale karibu na bwawa. Kipande cha juu ni kikavu. Ukishuka kidogo, panga linatoka limepakwa uji.

Ondiri ndiyo inayonitia hofu zaidi. Kinamasi hicho cha Kikuyu, ambako Mto Nairobi unaanzia, kimefunikwa na zulia la mimea na mizizi iliyoshikamana, nalo linaelea juu ya maji. Ukikanyaga ukingo wake unahisi ardhi ikitikisika, na matete yaliyo hatua kadhaa mbele yako yanayumba pamoja nawe. Mahali pa namna hiyo hata mtu wa miguu anatembea kwa roho mkononi. Gari la tani 2 halina la kufanya pale. Tena tairi likilichana zulia lile, huwezi kulishona, na maji hayo ndiyo ya mto wetu.

Dada yangu anaishi Minnesota, Marekani, na tulipoongea juu ya jambo hili aliniambia kitu ambacho sijakisahau. Huko wakati wa baridi maziwa yanaganda, na watu wanaendesha pikipiki za magurudumu manne juu ya barafu. Kabla ya kuingia wanatoboa tundu na kupima. Inchi 4 za barafu safi kwa mtu wa miguu, inchi 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji, na gari linahitaji zaidi ya hapo. Ila kwenye vinamasi, anasema, hata wazee waliozoea hawaiamini barafu. Chemchemi zinaipunguza kutoka chini, mimea inayooza inatoa gesi na joto, mabua ya matete yanaifanya dhaifu pale yanapopenya, na theluji iliyolala juu inaficha yote. Mahali pamoja pana unene wa kubeba gari, hatua kumi mbele hapabebi mbwa. Nilimwambia, dada, hiyo ndiyo Julai ya kwetu, sema sisi ukoko wetu ni wa udongo.

Sasa nirudi kwa binamu yangu. Tulikuwa magari mawili na pikipiki moja ya magurudumu manne, bondeni upande wa Limuru, ukungu haujapanda. Mama mmoja aliyekuwa akikata nyasi alituonya mapema. "Vijana, hapo hapapitiki. Hata ng'ombe wetu hatuwapeleki." Tulimwitikia kwa heshima, tukamshukuru, kisha tukapita. Hilo linaniuma mpaka leo.

Binamu alitangulia akifuata ukingo, mahali penye mteremko mdogo. Magurudumu ya upande wa chini yalizama ghafla, pikipiki ikalala, ikamwangukia mguuni. Pikipiki ile ina uzito wa kilo zipatazo 300. Maji hayakufika hata magotini kwa mtu aliyesimama, lakini yeye hakuwa amesimama. Alikuwa amelala kifudifudi, kidevu kikigusa maji, akijiinua kwa mikono juu ya matope yasiyo na mwisho. Watu wanafikiri kinamasi kinaua kwa kina chake. Kinaua kwa maji ya shubiri mbili ukiwa umebanwa.

Tulipomwinua kichwa na kumtoa ule mguu, alikuwa amelowa tangu shingoni, na midomo imebadilika rangi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba baridi yetu nayo inaua. Maji yanaondoa joto la mwili haraka mara 25 hivi kuliko hewa. Kwanza pumzi inakatika-katika, halafu vidole havishiki kamba, halafu mtu anaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Binamu alifika hatua hiyo ya tatu. Tulimvua nguo zote, tukamvika sweta zetu, tukamweka garini hita ikiwaka, na mama yule yule akatuletea blanketi na uji kutoka nyumbani kwake.

Huku yeye akitetemeka, wenzetu wakataka kuvuta pikipiki kwa kamba iliyofungwa kwenye lile tufe la chuma la nyuma, la kuvutia trela. Niliwazuia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Tufe lile halikutengenezwa kwa mvuto wa ghafla. Matope yananyonya, kamba inavutika, chuma kinakatika, na kinaruka kama risasi kuelekea kwa yeyote aliyesimama kwenye mstari. Kamba ifungwe kwenye ndoano zilizoshikiliwa na chesisi, na watu wote wakae mbali, umbali unaozidi urefu wa kamba yenyewe.

Kuna wanaoniambia ninawaonea wapenda magari, eti Rhino Charge, yale mashindano ya magari ya porini, imefanyika tangu 1989 na watu wanapita pasipo na njia. Mimi naiheshimu sana. Fedha zake zilisaidia kujenga ua wa kuzunguka msitu wa Aberdare, wenye urefu wa karibu kilomita 400. Lakini waangalieni wanavyofanya. Mbele ya gari kuna watu wanaokimbia kwa miguu, wakikagua mawe, mabonde na makorongo kabla dereva hajasogea. Wale ni mabingwa, na bado mguu unatangulia tairi. Sisi wa Jumapili tunatanguliza tairi, halafu tunashuka kwa miguu kutafuta trekta.

Kwa hiyo mimi na wenzangu tumekubaliana. Kuanzia Juni hadi Agosti hatuendi karibu na kinamasi chochote kwa chombo chenye injini. Tunaegesha barabarani, tunashuka, tunatembea na fimbo ndefu. Milima ya Ngong ipo, barabara za mawe za kuelekea Magadi zipo. Anayetaka kupimana nguvu na ardhi hatakosa pa kwenda.

Mwezi uliopita nilirudi kule Limuru kumpelekea mama yule blanketi jipya na unga. Alinipeleka ukingoni akanionyesha. Miaka miwili imepita, na mifereji miwili ya tairi zetu bado imo, maji yamesimama ndani yake, matete hayajaota tena. Anapokata nyasi sasa inambidi azunguke.